Sauti Imefika, Neno Halijafika

Ukimwita akiwa chumba cha pili, anageuka. Sufuria likianguka jikoni anashtuka kama watu wote. Pikipiki anaipisha, na mvua ikianza kugonga bati ndiye wa kwanza kukimbilia nguo kambani. Kisha mwambie jambo dogo tu, kwamba mjomba hatakuja leo. Ataitikia kwa kichwa, maana amekwisha jifunza kuwa kuitikia humaliza mazungumzo upesi. Saa kumi alasiri utamkuta barazani, kaoga, kavaa shati la Idi, anamngoja mjomba.

Nyumbani mtoto wa namna hii hakosi majina. Mjeuri. Ana kiburi. Anasikia anachotaka. Mama mdogo anaapa kwamba juzi alinong'ona tu habari ya soda na mtoto akatokea mbio. Baba anafunga kesi kwa methali, sikio la kufa halisikii dawa. Shuleni, kwenye darasa la watoto 70, fimbo humkuta kwa makosa mawili: kutojibu, na kujibu swali ambalo halikuulizwa. Ubaya ni kwamba wanaomshtaki wana ushahidi. Kweli anasikia. Kiziwi asiyesikia lolote tunamwelewa, hata kama hatumtendei haki. Huyu ambaye sauti inamfikia na neno halimfikii hatuna pa kumweka, basi tunamweka kwenye tabia mbaya.

Hali hiyo ina jina. Mwaka 1996 Arnold Starr wa Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Irvine, na wenzake walieleza katika jarida la Brain habari za wagonjwa 10, watoto na vijana, ambao vipimo vyao vilikuwa vinapingana. Kipimo kimoja kilionyesha sikio linafanya kazi. Kingine kilionyesha ujumbe uliopaswa kwenda kwenye ubongo haupiti, au unapita umevurugika. Wakaiita nyuropathia ya usikivu, yaani hitilafu ya mshipa wa fahamu wa kusikia. Wanane kati ya wale 10 walikuja kugundulika kuwa na hitilafu katika mishipa mingine ya fahamu pia. Baadaye ikaonekana kwamba kwa wagonjwa wengine mshipa wenyewe ni mzima na kasoro iko pale sikio linapokutana nao, ndipo mwaka 2008 wataalamu waliokutana Como, Italia, wakalipanua jina ili libebe kundi zima la hitilafu za aina hiyo. Makadirio mengi yanaiweka kwa mtoto 1 hivi kati ya kila 10 wenye upungufu wa kudumu wa kusikia. Ni wachache, na uchache wao ndio unaowaponza, maana hata mhudumu wa zahanati anaweza kumaliza miaka ya kazi bila kuwafikiria.

Ndani kabisa ya sikio, kwenye kile kifuko kilichojiviringisha kiitwacho kokilea, kuna seli zenye vinyweleo za aina mbili. Za nje ni kama 12,000, za ndani kama 3,500. Zile za nje kazi yake kubwa ni kuikuza sauti na kuinoa: zinarefuka na kufupika kwa kasi, zikiipa nguvu mitikisiko midogo. Zile za ndani, chache, ndizo zinazoibadili mitikisiko hiyo kuwa ujumbe na kuukabidhi kwenye nyuzi za mshipa wa fahamu, ambazo kwa kila sikio ni kama 30,000. Nyuzi hizo hazina namna ya kuueleza ubongo kwamba hili ni t na lile ni k ila kwa kurusha ishara zake kwa pamoja, kwa wakati, zikifuata kupanda na kushuka kwa sauti. Fikiria ngoma ya harusi. Wapigaji wakishikana, hata mgeni anajua mguu auweke wapi. Kila mmoja akipiga kwa saa yake, kelele itakuwa ileile, pengine kubwa zaidi, na hakuna atakayeweza kucheza. Mwenye nyuropathia ya usikivu anaishi katika ngoma hiyo ya pili.

Hapo ndipo fikra yetu ya kawaida kuhusu usikivu inapokwama. Tumezoea kudhani kwamba kusikia ni jambo la ukubwa wa sauti: huyu anasikia sana, yule kidogo, yule haba, na tiba ni kuongeza. Kwa watu hawa sauti inaweza kuwa ya kutosha kabisa. Wapo ambao wakikalishwa kwenye chumba cha kipimo na kuambiwa wabonyeze kitufe kila wakisikia mlio, wanabonyeza vizuri karibu sawa na wewe na mimi. Wengine wako katikati, wengine hawasikii karibu chochote, na wapo ambao hubadilika: Jumatatu nzuri, Alhamisi mbaya. Kinachowaunganisha ni kwamba uwezo wao wa kuelewa maneno uko chini sana kuliko vile kipimo cha mlio kingemfanya mtu atarajie, na wakiingia penye kelele, sokoni, darasani, kwenye daladala, kile kidogo walichokuwa wakikipata kinapotea.

Kiswahili kinawapa mtihani wake. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na irabu ndizo zenye urefu na nguvu. Konsonanti zinapita mbio. Kinachoitenga p na b, au t na d, hukaa ndani ya sehemu chache za mia za sekunde. Mtu ambaye mshipa wake hautunzi wakati hubaki na irabu mkononi. Paka, taka, kata, pata, kaka, tapa: kwake zote zinaweza kuwa a na a. Ya p ataiona mdomoni, maana midomo inafumba. Ya t na k zinajificha ndani ya kinywa. Ndiyo maana anakukodolea macho usoni unapozungumza, na umeme ukikatika usiku anakuwa mkimya ghafla, wenzake wakidhani anaogopa giza.

Vitenzi ndiyo balaa zaidi. Mkazo wetu unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sehemu ya mwisho ya neno ndiyo inayosikika vizuri. Nani, lini, na kama jambo lipo au halipo, vyote tumevibana mwanzoni, mahali tunapopita harakaharaka. Anakuja na atakuja zinatengana kwa konsonanti moja. Atakuja na hatakuja zinatengana kwa pumzi. Mtoto anaambulia «kuja». Hayo mengine anayabuni, na ubunifu wake ukipatia tunasema akitaka anasikia. Nadhani hakuna mtu anayefanya kazi ngumu ya akili darasani kumpita huyu tunayemwita mzembe. Kila sentensi kwake ni fumbo, na hata muda wa kulifumbua anaibiwa, maana mwalimu amekwisha anza nyingine.

Na sisi tukiona hajaelewa tunafanya nini? Tunapaza sauti. Ni desturi ya kwetu na inatokana na nia njema: bibi asiyesikia vizuri tunampigia kelele za upendo. Lakini aliyezeeka, kwa kawaida, seli zake ndizo zimechoka, na kuongezewa sauti humsaidia angalau kiasi. Kwa mtoto huyu kupaza sauti ni kuongeza vurugu ileile kwa kipimo kikubwa zaidi, tena anayepaza sauti hubadilisha hata umbo la mdomo, na mdomo ndio aliokuwa akiutegemea. Kinachofaa kinajulikana na hakigharimu kitu. Kaa mbele yake penye mwanga, zima redio, sema polepole kidogo ukitenganisha maneno, na rudia kwa maneno mengine badala ya yaleyale. Shimesikio, kile kifaa cha kusikilizia, kikiwekwa kwa mtoto wa namna hii huwasaidia baadhi na kwa wengine huishia sandukuni, kwa sababu hiyohiyo ya kukuza bila kupanga.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo wengi hupotelea. Kipimo cha kwanza wanachofanyiwa watoto wachanga, pale kinapokuwapo, kinapendeza kukitazama. Mtoto amelala, mara nyingi ndiyo kwanza ametoka kunyonya, ziwa bado karibu. Mpimaji anachomeka sikioni kizibo laini chenye waya. Ndani yake kuna kipaza sauti kidogo kinachotoa milio mifupi mifupi, ti-ti-ti-ti, na maikrofoni ndogo inayosikiliza kinachorudi. Kwa sababu sikio zima hurudisha sauti. Jambo hilo aliligundua David Kemp mjini London, akalichapisha mwaka 1978: zile seli za nje, katika kuhangaika kwake, hutoa mwangwi hafifu ambao maikrofoni ya kutosha inaweza kuunasa kwenye tundu la sikio. Mwangwi ukirudi, kioo kinaandika kwamba mtoto amepita. Mama anatabasamu, anamfunika mtoto, anaondoka.

Kipimo hicho hakijakosea. Kimejibu sawasawa swali kilichoulizwa: seli za nje zinafanya kazi? Ndiyo. Kama za ndani zimeukabidhi ujumbe, na kama mshipa umeupeleka, hakikuulizwa. Swali hilo linajibiwa na kipimo cha pili, kirefu zaidi na cha gharama zaidi. Hapo zinabandikwa waya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, ngozi ikisuguliwa kwanza ili zishike, na mashine inatafuta mawimbi madogo ya umeme ambayo mshipa na shina la ubongo huyatoa katika milisekunde 10 za kwanza baada ya kila mlio. Kwa mtoto mzima yanapanda na kushuka kwa mpangilio unaotambulika. Kwa huyu mstari ni tambarare, au una mikunjo michache mwanzoni kisha basi. Mpimaji mjuzi hugeuza mkondo wa mlio, uliokuwa ukisukuma ukawa unavuta. Mikunjo ile nayo ikigeuka kichwa chini, anajua imetoka kwenye seli za sikio na haikutoka kwenye mshipa. Mwaka 2007 kamati ya wataalamu wa usikivu wa watoto nchini Marekani ilipendekeza kwamba watoto waliolazwa zaidi ya siku 5 katika wodi ya uangalizi maalumu wasiishie kipimo cha mwangwi, wapimwe mshipa. Watoto wetu wengi hawapati hata hicho cha kwanza. Ila kwa mzazi aliyebahatika kukipata, cheti kinachosema amepita si neno la mwisho ikiwa mtoto alizaliwa katika shida.

Shida zenyewe tunazifahamu kwa majina ya nyumbani. Mtoto amezaliwa amechoka, yaani hakulia, hewa ilichelewa. Mtoto njiti. Na manjano. Hii ya manjano inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa ndiyo ambayo familia inaweza kuiona kwa macho. Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa kitu cha rangi ya njano kiitwacho bilirubini, na ini la mtoto mchanga bado halijazoea kukiondoa. Kikizidi mno kinaingia kwenye ubongo, na sehemu zinazopokea sauti ni miongoni mwa zinazoumia mapema, wakati seli za sikio zenyewe zinaweza kubaki nzima. Hapo umepata kisa kamili: mwangwi upo, mshipa kimya.

Bibi zetu wana agizo lao: mwanike jua la asubuhi. Watu waliosoma hulicheka agizo hilo, na wanakosea kulicheka. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa njiti nje uani wapate hewa na jua. Siku moja wakati wa raundi alimfunulia daktari mtoto aliyekuwa amerudi rangi yake mwili mzima, isipokuwa pembetatu ya njano iliyokolea. Daktari akashuku kwamba amepakwa iodini. Hapana, akajibu, hapo ndipo shuka lilipokuwa limefunika. Muda si mrefu chupa ya damu ya mtoto mwenye manjano, iliyoachwa dirishani penye jua, ilipopimwa ilikutwa imepungukiwa bilirubini. Richard Cremer na wenzake wakatengeneza taa, wakachapisha matokeo katika Lancet mwaka 1958, na hadi leo mtoto wa manjano hulazwa chini ya mwanga wa buluu.

Kwa hiyo bibi ana nusu ya jambo. Nusu aliyokosa ni kipimo. Jua la asubuhi haliwezi kumwokoa mtoto ambaye bilirubini yake imekwisha panda, na kumwanika kwa siku tatu nyumbani ukisubiri kunaweza kuwa ndiko kulikompotezea masikio. Manjano inayojitokeza ndani ya saa 24 za kwanza si ya kuanikwa, ni ya kukimbizwa hospitali. Na kwenye ngozi nyeusi usitazame ngozi: tazama weupe wa macho, ufizi, nyayo. Kisha kuna vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa sandukuni kufukuza mende na nondo. Nguo za mtoto zikitoka humo moja kwa moja hadi mwilini, na mtoto akawa na ule upungufu wa kurithi wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida katika nchi zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, chembe za damu huvunjika kwa wingi. Nguo zifuliwe na kuanikwa kwanza. Hilo bibi atalikubali bila ubishi.

Wapo watoto wachache ambao kwao karibu kila kitu ni kizuri mpaka wapate homa. Starr aliwaeleza baadhi yao mwaka 1998: joto la mwili likipita kidogo nyuzi 38 wanakuwa viziwi kabisa, homa ikishuka wanasikia tena. Kwetu, ambako kwa miaka mingi homa ilimaanisha malaria na malaria ilimaanisha kwinini, na kwinini kweli huvumisha masikio, sioni jinsi kisa kama hicho kingetambuliwa. Kingeandikwa kwenye hesabu ya dawa na kusahauliwa.

Baadhi ya visa hivyo vya homa, na vingi vya watoto waliozaliwa hivi, vinatokana na jeni moja. Kundi la Christine Petit katika Taasisi ya Pasteur, Paris, liliitambua mwaka 1999 kwa msaada wa familia za Lebanoni. Inatengeneza protini iitwayo otoferlini, ambayo bila yake seli za ndani zinasikia vizuri lakini haziwezi kuachia ujumbe. Januari 2024 madaktari wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, walichapisha habari za watoto 6 waliopewa nakala nzima ya jeni hiyo kwa sindano sikioni. Jeni hiyo ni ndefu mno kuingia katika kirusi kimoja cha kubebea, ikabidi ikatwe vipande viwili vikutane ndani ya seli. Watano walianza kusikia. Mmoja wa watoto wa mwanzo kutibiwa Marekani alikuwa na miaka 11. Alisikia pia, ila waganga wake hawakuficha kwamba huenda asizungumze kamwe, kwa sababu dirisha la ubongo la kujifunza lugha ya kusema hufungwa karibu na umri wa miaka 5.

Habari hiyo ya miaka 5 ndiyo ningependa mzazi wa kwetu aibebe, kuliko hata ile ya jeni, ambayo haitamfikia karibuni. Kinachoweza kumfikia ni upandikizaji wa kifaa cha kokilea, ambao Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliuanza mwaka 2017. Kifaa hicho huupiga mshipa kwa mapigo ya umeme yenye mpangilio, kwa hiyo kwa wengi wa watoto hawa hurudisha ule wakati uliopotea, alimradi mshipa upo. Bei ni kubwa. Tena madaktari wenye busara hawakimbilii kisu, maana baadhi ya watoto wa manjano na njiti hujirekebisha katika miezi ya mwanzo, na hakuna ajuaye mapema ni yupi. Mzazi anaambiwa angoje. Na wakati anangoja, mtoto anakua bila lugha.

Hapo ndipo nina msimamo ambao shangazi wengi hawautaki: mtoto aanzwe lugha ya alama sasa, kabla matokeo hayajajulikana. Hofu yao ni kwamba akizoea mikono atauacha mdomo. Mimi naona kinyume. Ubongo unaopata lugha moja kamili kwa njia iliyo wazi hauanzi na shimo siku sikio likifunguka, na lisipofunguka hakuna kilichopotea. Lugha yenyewe ipo na haiombi ruhusa ya mtu: katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, na Tabora na Buguruni shule za viziwi zimekuwapo kwa miongo. Kikwazo kiko mlangoni. Mtoto huyu akipelekwa huko ataambiwa anasikia, akirudishwa shule ya kawaida ataambiwa hasikii, na karatasi ya kipimo cha mlio itatumiwa na pande zote mbili. Mzazi ajibebee ile ya kipimo cha mshipa, aiweke mezani, na aulize ni darasa gani mwanawe atakaloweza kulifuata kuanzia Jumatatu.